Jan Matzeliger: Mwendesha cherehani wa kiwandani aliyeshusha bei ya viatu

Wafanyabiashara wanaovusha viatu kupitia Namanga, Busia au Mutukula wanajua hesabu zao vizuri: bei ya kununulia, nauli, ushuru, na kile kinachobaki mkononi. Katika hesabu hizo kuna gharama moja ambayo siku hizi haionekani kabisa, nayo ni ujira wa kuivuta ngozi ya kiatu ikalala sawasawa juu ya kalibu. Haionekani kwa sababu ilikwishapunguzwa tangu karne ya 19, katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Aliyeipunguza hakuwa mwenye kiwanda wala profesa. Alikuwa mwendesha cherehani ya kushonea soli, mgeni, mtu mweusi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Jina lake ni Jan Ernst Matzeliger.

Kutoka Paramaribo hadi Philadelphia

Matzeliger alizaliwa Septemba 15, 1852 mjini Paramaribo, katika koloni lililoitwa Guyana ya Uholanzi, ambalo leo ni nchi ya Suriname, kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Baba yake alikuwa mhandisi Mholanzi aliyesimamia karakana za mitambo za serikali ya kikoloni. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi, wa jamii iliyosafirishwa kwa nguvu kutoka Afrika kwenda kulima mashamba ya miwa na kahawa.

Waholanzi waliufuta utumwa katika koloni hilo Julai 1, 1863, mtoto huyo akiwa na umri wa miaka 10. Hata hivyo, wale waliotangazwa kuwa huru walilazimishwa kuendelea na kazi za mashambani kwa mikataba, chini ya usimamizi wa serikali, kwa miaka mingine 10. Katika umri huo huo wa miaka 10 Jan aliingizwa katika karakana ya baba yake kama mwanagenzi. Huko alizoea chuma, gia na mvuke, na mikono yake ikajifunza kitu ambacho baadaye kitabu kingemsaidia kukieleza tu.

Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, aliondoka nyumbani kama baharia katika meli ya biashara. Baada ya takriban miaka miwili baharini alishuka Philadelphia, Marekani, mwaka 1873. Hakuchagua wakati mzuri. Mwaka huo benki kubwa za Marekani zilianguka, viwanda vikapunguza watu, na mtu mweusi ambaye hata lugha hakuijua vizuri alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya kazi. Alifanya vibarua vya hapa na pale, na katika vibarua hivyo ndipo alipoanza kuijua kazi ya viatu. Mwaka 1876 alihamia Boston, na mwaka uliofuata akafika Lynn.

Mji ulioishi kwa viatu

Lynn uko pwani, kilomita chache kaskazini mwa Boston, na wakati ule karibu kila mtu mjini hapo alikula kutokana na viatu kwa njia moja au nyingine. Kabla ya viwanda, mafundi walifanya kazi katika vibanda vidogo vilivyojengwa uani, na wake na mabinti zao walishona sehemu za juu za viatu nyumbani kwa mkono. Mwenye mtaji aligawa ngozi iliyokatwa, akakusanya viatu, akauza. Sehemu ya viatu vya bei nafuu vilivyotengenezwa Massachusetts enzi hizo viliuzwa kusini mwa Marekani, ambako wenye mashamba waliwanunulia watumwa wao.

Cherehani ndiyo iliyovunja mpango huo. Katika miaka ya 1850 mashine za kushonea nguo zilirekebishwa zikaweza kushona ngozi laini ya juu ya kiatu. Kazi iliyokuwa ikifanywa na wanawake majumbani ikaanza kuhamia kwenye vyumba vikubwa vyenye mashine zilizopangwa kwa safu. Mwanzoni mwa mwaka 1860 wafanyakazi wa Lynn, wanaume kwa wanawake, walifanya mgomo mkubwa wa kudai ujira bora, mgomo ambao ulienea miji mingine na kuwa mmoja wa mikubwa zaidi iliyowahi kuonekana Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Sehemu ya pili ya kazi, yaani kuunganisha soli na sehemu ya juu, ilikuwa ngumu zaidi kwa mashine kwa kuwa ngozi ya soli ni nene. Mwaka 1858 Mmarekani Lyman Blake alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi, kwa cherehani iliyoweza kuishona soli. Mfanyabiashara Gordon McKay aliinunua kwa kiasi kilichofikia dola 70,000, nyingi kati ya hizo zikilipwa kutokana na mapato ya baadaye. Vita vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoanza, jeshi lilihitaji viatu kwa maelfu na mafundi wengi walikuwa wamekwenda vitani. Cherehani ya McKay ikapata soko lake.

Msomaji aangalie namna McKay alivyofanya biashara, maana ndiyo inayoeleza mengi yaliyofuata. Hakuuza mashine. Alizikodisha, na kila jozi iliyoshonwa ililipiwa mrabaha wa senti kadhaa. Mwenye kiwanda mdogo aliweza kuanza bila mtaji mkubwa, lakini hakuacha kulipa kamwe. McKay alikusanya senti hizo kutoka kwenye viatu vya watu ambao hawakuwahi kusikia jina lake.

Kazi yenyewe

Kazi ambayo Matzeliger aliipata Lynn, katika kiwanda cha Harney Brothers, ilikuwa ya kuendesha cherehani hiyo ya McKay. Haifanani na cherehani ya fundi nguo. Mahali pa meza tambarare kuna pembe ya chuma iliyosimama, nayo huingia ndani ya kiatu kama mguu unavyoingia. Uzi hupakwa nta, na taa ndogo huipasha moto pembe ili nta isigande. Sindano yenye kulabu hushuka kutoka juu, hutoboa soli hadi ndani, hunasa uzi na kupanda nao, kisha kiatu husogezwa kidogo na sindano hushuka tena. Mwendeshaji hukizungusha kiatu kwa mikono miwili kufuata ukingo wa soli. Akiteleza, mshono unatoka nje ya mstari na kiatu kimeharibika. Akizembea, kidole ndicho kinachotobolewa.

Mashine hizo zilizungushwa kwa mikanda iliyotoka kwenye injini ya mvuke, na mwendeshaji hodari aliweza kushona mamia ya jozi kwa siku. Matzeliger alijifunza pia mashine za kung'arisha visigino na za kushonea matundu ya vifungo. Kwa maneno mengine, hakukaa kwenye kiti kimoja. Jioni alikwenda shule ya usiku kujifunza Kiingereza, na alinunua vitabu vya fizikia na vifaa vya kuchorea vilivyokwishatumika. Alipenda pia kuchora picha za rangi za mafuta, na baadaye aliwafundisha wengine.

Sasa, ili pembe ya cherehani iingie ndani ya kiatu, lazima kalibu iwe imekwishatolewa, na kabla ya kalibu kutolewa lazima ngozi iwe imevutwa na kufungwa juu yake. Kalibu ni umbo la mguu lililochongwa kwa mti. Fundi huiweka ngozi ya juu iliyoshonwa juu ya kalibu, soli ya ndani ikiwa chini, kisha kwa koleo huvuta ukingo wa ngozi kuzunguka kidole, ubavu na kisigino, huukunja chini ya soli na kuupigilia misumari midogo. Pale kwenye ncha ya kidole ngozi hujikunja, na mikunjo hiyo lazima igawanywe kwa ustadi la sivyo kiatu kinakuwa na vinundu. Kila ngozi ina tabia yake. Ya mgongoni mwa ng'ombe haivutiki kama ya tumboni, ya mbuzi ni nyingine kabisa. Fundi huisikia kwa vidole.

Fundi mzuri wa kalibu alimaliza takriban jozi 50 kwa siku ya kazi ya saa 10. Hapo ndipo ulipokuwa mkwamo. Chumba cha kukata kilikuwa na mashine, chumba cha kushona kilikuwa na mashine, soli zilishonwa kwa mashine, lakini viatu vyote vilipita kwenye tundu moja jembamba, mikononi mwa mafundi wa kalibu. Walijua nguvu yao. Walikuwa na chama imara kilichoundwa mwishoni mwa miaka ya 1870, walilipwa vizuri kuliko wafanyakazi wengi wa kiwandani, na waliposimamisha kazi wao, kiwanda kizima kilisimama. Mwendesha cherehani ya McKay alikuwa wa kwanza kuuona mgomo wao: mashine yake ilinguruma huku mikono yake ikiwa haina kiatu.

Mwanafunzi wa uchumi hufundishwa darasani kwamba uzalishaji wa kiwanda hauwezi kuzidi ule wa hatua yake iliyo polepole zaidi. Matzeliger aliliona jambo hilo kila siku akiwa ameketi kwenye hatua inayofuata.

Makasha ya sigara na vyuma chakavu

Kujaribu kutengeneza mashine ya kuvuta ngozi hakukuwa wazo jipya. McKay na wengine walikuwa wamekwishatumia fedha nyingi kwenye mashine za aina hiyo, na zilizopatikana hazikuweza kuufanyia kazi vizuri upande wa kidole na kisigino. Mafundi wa kalibu walizicheka. Imani iliyokuwepo Lynn ni kwamba mashine ingeweza kufanya kila kitu isipokuwa hicho.

Matzeliger alianza kazi yake kwa siri takriban mwaka 1880. Alikodi chumba juu ya jengo la zamani la misheni magharibi mwa mji, na usiku baada ya kazi alichora na kujenga. Mchana kiwandani aliangalia mikono ya mafundi wa kalibu: koleo linashika wapi, linavuta kwa pembe gani, kidole gumba kinakandamiza wakati gani, nyundo inapiga lini. Mfano wa kwanza aliutengeneza kwa vipande vya mbao vya makasha ya sigara, waya na misumari. Haukuweza kutengeneza kiatu, lakini ulionyesha kwamba mwendo wa mkono unaweza kuigwa. Mtu mmoja alimpa ofa ya dola 50 kwa mfano huo. Alikataa.

Mfano wa pili ulihitaji chuma, na chuma kilihitaji fedha. Aliokota vyuma chakavu, akatumia tanuri la zamani, akatengeneza sehemu moja baada ya nyingine kwa mkono. Kipindi hicho aliishi kwa uji wa unga wa mahindi na vitu vya bei ya chini kabisa ili akiba yake yote iende kwenye mashine. Watu wanaosimulia maisha yake hupenda kulitaja hilo kama ushahidi wa moyo wa kujitoa. Ni kweli, lakini pia lilikuwa deni ambalo mwili wake ulikuja kulilipa.

Mfano wa chuma ulipoonekana unafanya kazi, alipewa ofa ya dola 1,500 kwa sehemu tu ya uvumbuzi huo, yaani utaratibu wa kuigeuza ngozi kwenye kidole. Kwa mwendesha cherehani huo ulikuwa ujira wa miaka kadhaa. Alikataa tena.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa makini. Alikuwa hana fedha za kutengeneza mashine kamili ya kiwandani, na bila mashine kamili hataza ingebaki karatasi. Kilichomfaa hakikuwa mnunuzi bali mshirika. Hatimaye aliwapata wawili, Melville Nichols na Charles Delnow, wakazi wa Lynn, waliokubali kugharamia kazi iliyobaki kwa sharti la kumiliki theluthi mbili. Theluthi moja ilibaki kwake. Anayesoma leo anaweza kuona wamemnyonya, lakini mikopo ya benki haikuwa kwa ajili ya watu kama yeye, na theluthi ya mashine inayofanya kazi ni bora kuliko mashine nzima iliyoota kutu chumbani.

Hataza namba 274,207

Maombi yalipofika ofisi ya hataza mjini Washington, wakaguzi walikutana na kurasa 15, zikiwemo 7 za michoro, zenye vipande vingi vinavyosukumana kiasi kwamba hawakuweza kuamini kuwa kitu hicho kinafanya kazi. Ofisi ilimtuma mtu Lynn kwenda kuiona mashine kwa macho yake. Aliiona, na Machi 20, 1883 Matzeliger alipewa hataza namba 274,207. Alikuwa na miaka 30.

Mashine iliyoelezwa hapo ilikishika kiatu kikiwa juu ya kalibu, ikashika ukingo wa ngozi kwa koleo, ikauvuta na kuukunja, ikaleta msumari mahali pake na kuupigilia, kisha ikasogeza kiatu mbele kidogo na kurudia. Ilipomaliza ilikiachia. Tofauti na mashine za waliomtangulia, haikuilazimisha ngozi yote kwa mkupuo mmoja. Iliivuta kidogo kidogo kama fundi anavyofanya. Ndiyo maana baadaye kampuni iliyotokana na uvumbuzi huo ilijinadi kwamba mashine zake zinafuata mtindo wa mkono.

Majaribio ya kiwandani yalifanyika Mei 29, 1885, na mashine ikavuta jozi 75 za viatu vya kike bila tatizo. Hiyo ilikuwa mashine mpya na mwendeshaji asiyeizoea. Zilipoboreshwa na wafanyakazi wakazizoea, mashine hizo zilitoa kati ya jozi 150 na 700 kwa siku, kulingana na aina ya kiatu, mbele ya jozi 50 za mkono. Inakadiriwa kuwa bei ya viatu Marekani ilishuka kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata, ingawa si haki kuipa mashine moja sifa yote, kwani ngozi, reli na umeme navyo vilichangia.

Mafundi wa kalibu hawakushangilia, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Stadi iliyowachukua miaka kujifunza ilikuwa imehamishiwa ndani ya chuma. Baadhi walimchukia mvumbuzi, na mashine yake ikapachikwa jina la kibaguzi lililotokana na rangi ya ngozi yake, jina ambalo lilitumika viwandani kwa miaka mingi. Chama chao hata hivyo hakikufa mara moja. Kilijadiliana na waajiri ili wanaoziendesha mashine mpya wawe mafundi wale wale, na mwaka 1895 kiliungana na vyama vingine kuwa chama kimoja cha wafanyakazi wa viatu Marekani.

Theluthi inayopungua

Kampuni ya kwanza ya kutengeneza mashine hizo, Union Lasting Machine Company, ilihitaji mtaji kuliko ule ambao Nichols na Delnow waliweza kuutoa. Wakaingizwa wawekezaji wakubwa zaidi, akiwemo George W. Brown na Sidney W. Winslow, na ikaundwa kampuni nyingine iliyokuja kujulikana kama Consolidated. Matzeliger alikabidhi hataza zake akapewa hisa. Mpango huo ni ule ule unaotumika mpaka leo: mvumbuzi analeta wazo, kila duru ya mtaji inapunguza sehemu yake, na mwishowe anabaki na hisa chache za kitu kikubwa.

Hisa hizo zilikuwa na thamani, na hakufa maskini kama inavyodaiwa mara nyingine. Lakini tofauti kati yake na McKay iko wazi. McKay alikuwa na mtaji kabla ya kukutana na uvumbuzi, akakusanya mrabaha kwa miaka mingi. Matzeliger alikuwa na uvumbuzi kabla ya kukutana na mtaji.

Hakukaa kula faida. Aliendelea kuboresha mashine na kubuni nyingine, ikiwemo ya kutenganisha misumari midogo na kuipanga ili ifike kwenye nyundo mmoja mmoja. Baadhi ya hataza zake zilitolewa akiwa amekwishafariki, mwaka 1890 na 1891.

Kanisa lililomfungulia mlango

Maisha yake nje ya kiwanda yalikuwa ya upweke. Alipofika Lynn alijaribu kujiunga na makanisa ya Kikatoliki, ya Kiepiskopali na ya Kiunitari, na hakupokelewa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1884 alipokelewa na vijana wa North Congregational, akafundisha shule ya Jumapili, na huko ndiko alikopata marafiki. Hakuoa.

Majira ya joto ya mwaka 1886 alinyeshewa mvua akiwa kwenye shughuli za matembezi za kanisa, akapata mafua makali ambayo hayakupona. Ikagundulika kuwa ni kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa, na ulipenda watu wenye mwili uliodhoofishwa na miaka ya chakula duni, usiku bila usingizi na vumbi la ngozi. Alichora na kufanya kazi akiwa kitandani. Agosti 24, 1889 alifariki dunia katika hospitali ya Lynn, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 37. Alizikwa katika makaburi ya Pine Grove mjini humo.

Miezi mitatu baadaye, Novemba 26, 1889, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya eneo la viwanda vya viatu la Lynn. Vilipojengwa upya, vingi viliwekewa mashine za kisasa, na ya kuvuta ngozi ikiwemo.

Ukiritimba uliofuata

Mwaka 1899 kampuni ya Consolidated, kampuni iliyorithi mashine za McKay na ile ya mashine za Goodyear ziliunganishwa kuwa United Shoe Machinery Company. Rais wake alikuwa Winslow yule yule. Kampuni hiyo mpya ilichukua mbinu ya McKay ya kukodisha badala ya kuuza na kuipeleka mbali zaidi, kwa mikataba iliyomzuia mteja kuchanganya mashine zake na za washindani. Serikali ya Marekani iliishtaki. Mwaka 1918 kampuni ilishinda katika Mahakama Kuu ya nchi, mwaka 1922 ikashindwa kuhusu masharti hayo ya kufunga mteja, na mwaka 1953 mahakama ikabaini kuwa ilishika kati ya asilimia 75 na 85 ya soko la mashine za viatu, ikaamuru mikataba yake ifunguliwe na mashine ziuzwe. Zaidi ya miaka 60 baada ya kifo cha mwendesha cherehani wa Harney Brothers, mawakili walikuwa bado wanabishana juu ya nani ana haki ya kukodisha matunda ya kazi za watu kama yeye.

Umaarufu wa Lynn uliwavuta wageni kutoka mbali. Mwaka 1904 alifika Tomáš Bata, kijana mwenye kiwanda kidogo mjini Zlín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Alifanya kazi kama kibarua wa kawaida katika viwanda vya viatu vya huko ili kuona kwa macho jinsi Wamarekani wanavyozalisha viatu vingi kwa bei ya chini. Alirudi kwao na maarifa hayo. Kampuni yake ilisambaa duniani, na kiwanda chake cha Limuru nchini Kenya kimeviza viatu vya shule miguuni mwa watoto wa nchi zetu kwa vizazi kadhaa.

Upande wa pili wa mpaka, Tanzania ilijaribu njia nyingine. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970 kilikusudiwa kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Mashine zilikuwepo, za kuvuta ngozi na za kushona, tena mpya. Kilizalisha sehemu ndogo sana ya uwezo wake, viatu havikwenda Ulaya, na mwaka 1990 kikafungwa. Mashine hazikuwa mkwamo pale. Mkwamo ulikuwa ngozi, vipuri, umeme na watu waliozoea kazi, hatua ambazo mnunuzi wa mitambo hazioni kwenye orodha ya bei.

Marekani ilimkumbuka Matzeliger kwa stempu ya posta iliyotolewa Septemba 15, 1991, siku aliyozaliwa, ya thamani ya senti 29. Katika wosia wake aliwaachia hisa zake marafiki, hospitali iliyomuuguza na kanisa la North Congregational. Kanisa lilizihifadhi hisa hizo, zikapanda thamani baada ya muungano wa mwaka 1899, na mwaka 1904, mwaka ule ule Bata alipofika mjini, zikauzwa na fedha zake zikalipa rehani yote ya jengo.